Nani Alimpiga Ben Risasi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Siasa Ndani ya Filamu za Kutisha

Barua nyingi za safari hii zinahusu Night of the Living Dead, filamu ya George A. Romero iliyotoka Oktoba 1968. Kwa asiyeijua: watu saba wamejifungia katika nyumba ya shambani huko Pennsylvania, Marekani, na nje wafu wamefufuka na wanakula watu. Tumeongeza barua mbili kuhusu filamu nyingine za mfuko mdogo, kwa sababu zinagusa jambo lile lile: utajuaje kwamba siasa unayoiona imo ndani ya filamu na hujaipachika wewe?

SWALI: Ndugu mhariri, kila uhakiki ninaousoma unasema filamu hii inahusu ubaguzi wa rangi. Nimeitazama mara mbili na sijasikia mtu akitaja rangi ya Ben hata mara moja. Wahakiki wanatunga?

JIBU: Hawatungi, ila wengi wanaruka hatua. Hujasikia kwa sababu hayo maneno hayamo. Katika dakika zote 96 hakuna anayesema kwamba Ben, anayeigizwa na Duane Jones, ni mtu mweusi na wenzake wote ndani ya nyumba ni Wazungu. Ukimya huo peke yake hauthibitishi lolote, kwa upande wowote. Ushahidi utafute kwenye vitendo na kwenye kamera.

Anza na ugomvi wa chumba cha chini. Harry Cooper, mwenye mke na mtoto mgonjwa, anataka wote washuke chini wafunge mlango. Ben anataka wabaki juu wapigilie mbao madirishani, maana kule chini hakuna mlango wa pili wa kutorokea. Chukua karatasi uandike nani anatoa amri, nani anatiiwa, bunduki iko mikononi mwa nani. Ben anamwambia Cooper waziwazi kwamba huko chini anaweza kuwa bosi, lakini huku juu bosi ni yeye. Kabla ya hapo amempiga ngumi Barbra, mwanamke Mzungu aliyemzaba kofi. Baadaye anampiga Cooper, na mwishoni anampiga risasi. Kwa sinema ya Marekani ya wakati ule, mwanamume mweusi kufanya yote hayo bila filamu kusimama na kujieleza lilikuwa jambo adimu. Hapo sasa unacho cha kuandika.

Halafu nenda dakika za mwisho. Asubuhi sherifu na raia wenye bunduki na mbwa wanapita mashambani wakimaliza mazombi. Ben, aliye hai peke yake, anapanda kutoka chini na kuchungulia dirishani. Anapigwa risasi ya kichwa kutoka mbali, sherifu anamsifu mpigaji, anasema huyo ni mwingine wa kutupwa motoni. Mara filamu inaacha kutembea. Zinafuata picha mnato zenye chembechembe, kama zilizotolewa gazetini: wanaume wenye kulabu za kubebea nyama, mwili wa Ben, rundo la kuni. Majina ya waigizaji yanapita juu ya picha hizo. Mtazamaji wa Marekani alikuwa amewahi kuona picha za namna hiyo mahali pengine. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, picha za watu weusi waliouawa na makundi ya Wazungu zilichapishwa kama kadi za posta na kuuzwa. Na mbwa wa polisi walikuwa wameonekana kwenye televisheni mwaka 1963, wakiachiwa waandamanaji kule Birmingham, Alabama.

Lakini usiandike kwamba sherifu alimuua Ben kwa sababu ni mweusi. Filamu haisemi hivyo. Mpigaji yuko mbali na kinachoonekana dirishani ni kivuli cha mtu. Unachoweza kuandika bila kuyumba ni kwamba Ben anauawa na watu ambao hawakujisumbua kuhakikisha, na kwamba filamu imechagua kuyaonyesha mazishi yake kwa mtindo wa zile picha za watu weusi waliouawa na makundi ya Wazungu. Uchaguzi huo ni wa mwongozaji na mhariri, uko kwenye skrini, na hakuna anayeweza kukubishia.

Jambo moja wahakiki wanaompenda Ben hulikwepa: hatimaye anaokoka usiku ule kwa kujifungia chumba cha chini, pale pale Cooper alipotaka tangu mwanzo. Mpango wa kwenda kuchukua petroli, ambao Ben aliuongoza, umewaua Tom na Judy, vijana wawili wapenzi waliokuwa nyumbani humo. Uhakiki unaomfanya Ben malaika na Cooper shetani umesoma nusu ya filamu. Cooper ni mbinafsi na mwoga, na kuhusu chumba cha chini alikuwa sahihi. Filamu inazidi kuwa kali kisiasa ukiukubali ukweli huo, kwa sababu kinachowaua si kukosa mpango mzuri. Ni wanaume wawili kushindwa kusikilizana huku kila mmoja akishika nusu ya jibu.

SWALI: Romero mwenyewe alisema hakumchagua Jones kwa sababu ya rangi, ila aliigiza vizuri kuliko wengine kwenye majaribio. Hoja yote si inaanguka hapo?

JIBU: Haianguki, inahama. Tenganisha mafungu matatu na usiyachanganye katika aya moja: yaliyotokea wakati wa kutengeneza, yaliyomo kwenye skrini, na jinsi watazamaji walivyoipokea.

Kwenye utengenezaji, skripti haikutaja rangi ya Ben, na ilimchora kama dereva wa lori mwenye lugha ya mitaani. Jones alikuwa msomi, akaukataa usemi ule na kumfanya Ben azungumze kwa utulivu na ufasaha. Ilipojadiliwa kama Ben aokolewe mwishoni, Jones alipinga, akiona kwamba watu weusi, baada ya yote waliyopitia, wangeona heri afe kuliko kuokolewa kwa namna ya kitoto. Kwa hiyo hata kama Romero hakuwa na dhamira ya rangi, mwigizaji wake alikuwa nayo. Filamu ina watunzi wengi kuliko jina moja la mwongozaji, hasa filamu ya mfuko mdogo ambako kila mtu anachangia.

Hapa ndipo tarehe zinapowaumbua wengi. Utasoma mahali kwamba filamu ni jibu la kuuawa kwa Martin Luther King. King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, na sehemu kubwa ya filamu ilikuwa imeshapigwa mwaka 1967. Romero amesimulia kwamba habari za kifo hicho walizisikia redioni wakiwa njiani kwenda New York, filamu iko kwenye buti la gari, wakatafute msambazaji. Basi haiwezi kuwa jibu. Ila waliokaa ukumbini mwezi Oktoba walikuwa na msiba huo kichwani, na hilo ni la fungu la tatu. Sentensi salama ni hii: "Filamu haikutengenezwa kuhusu 1968, lakini ilitazamwa ndani ya 1968."

SWALI: Mimi ni mwanafunzi. Nimepewa kazi ya kuchambua maudhui ya siasa na utambulisho katika filamu ya kutisha, maneno 1,500. Naomba hatua, si nadharia.

JIBU: Tazama mara tatu. Mara ya kwanza bila kusimamisha, bila kalamu. Unataka kujua ni wapi ulishtuka na ni wapi ulichoka. Mara ya pili zima sauti kabisa. Bila muziki na maneno utaona nani anasimama mbele na nani anawekwa pembeni, kamera inamtazama nani kutoka juu na nani kutoka chini, na uso wa nani unakaa kwenye skrini mtu anapokufa. Mara ya tatu washa sauti na usimamishe kila tukio lenye uzito.

Karatasi yako iwe na safu nne: dakika na sekunde, kinachoonekana, kinachosikika, na nani ana uwezo wa kuamua wakati huo. Safu ya tano, ya maana unayoidhania, iache tupu mpaka umalize filamu nzima. Ukiijaza mapema utaanza kukusanya yanayokubaliana nawe tu, na ndiyo kasoro inayoharibu kazi nyingi za wanafunzi. Ukimaliza utakuwa na matukio thelathini au arobaini. Chagua manne, kwa maneno 1,500 ukizidisha matano unaanza kusimulia hadithi badala ya kuchambua. Kati ya hayo manne, moja lazima liwe linaipinga hoja yako. Kwa Night of the Living Dead, lile la Ben kushuka chini linafaa sana.

Kabla ya kuandika neno "linaashiria", jaribu kuligeuza tukio. Mweke Mzungu mahali pa Ben, acha kila kitu kama kilivyo. Kama tukio linabaki vile vile, huna hoja ya rangi pale. Ugomvi wa chumba cha chini ungebaki ugomvi, ingawa ungepungua makali. Picha za mwisho zingebaki za kikatili, ila zingepoteza kumbukumbu nzima iliyo nyuma yake. Tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha ni tukio lipi libebe uzito wa insha.

Jedwali la historia nalo usilisahau, mistari mitano tu: mwaka wa kuandikwa, wa kupigwa, wa kutoka, sheria zilizokuwepo, na tukio kubwa la umma la kila mwaka. Mfumo wa madaraja ya umri wa chama cha studio za Marekani ulianza Novemba 1968, mwezi mmoja baada ya filamu hii kutoka. Ndiyo maana watoto waliruhusiwa kuingia kuitazama mchana. Ukilinganisha ukali wake na filamu za miaka ya baadaye bila kulijua hilo, unakosea.

SWALI: Nyeusi na nyeupe, picha zinazotikisika, damu isiyoeleweka. Mnasema ni mtindo. Mimi naona ni ukosefu wa pesa.

JIBU: Ni ukosefu wa pesa. Filamu iligharimu kama dola 114,000. Rangi ilikuwa ghali, damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, muziki ulitolewa kwenye maktaba ya muziki uliorekodiwa tayari, na baadhi ya waliowekeza ndio walioigiza: Karl Hardman, aliye Harry Cooper, ni mmoja wa watayarishaji.

Ila chanzo cha kitu na kazi ya kitu ni mambo mawili. Nyeusi na nyeupe ilichaguliwa na mfuko, kisha ikaifanya filamu ifanane na taarifa ya habari. Ripota anayemhoji sherifu ni Bill Cardille, mtangazaji halisi wa televisheni ya Pittsburgh, kwa hiyo mtazamaji wa mji ule aliona sura anayoiamini ikitangaza balaa. Andika yote mawili: "Ufukara uliamua, na matokeo yake ni haya." Usimpe mwongozaji sifa ya kila ajali, wala usiifute maana kwa sababu ilianza kama ajali.

Tahadhari ya upande wa pili: kuna ajali ambazo hazina maana yoyote. Mwanga unaoruka kati ya picha mbili za tukio lile lile, kivuli kinachobadilika ghafla, mtu anayerudia kufunga mlango uliokwisha kufungwa. Kama kitu kimetokea mara moja na hakuna kinachokirudia wala kukijibu baadaye, kiache.

SWALI: Barbra anakaa kwenye kochi nusu nzima ya filamu amepigwa na bumbuwazi. Filamu inayosifiwa kwa suala la ubaguzi wa rangi, mbona kwa wanawake iko hivi?

JIBU: Ni kweli, na wala usiitetee. Filamu inaweza kuwa mbele kwenye jambo moja na nyuma kwenye lingine. Uhakiki wako uyataje yote bila kulazimisha hukumu moja. Wapo wanaosema kwamba mshtuko wa Barbra ni wa kibinadamu kuliko ushujaa, na hoja hiyo ina mashiko kidogo, ila angalia kwamba anapoamka na kwenda kusaidia mlangoni, filamu inamwondoa mara moja. Romero mwenyewe alipoandika skripti ya filamu mpya ya 1990, iliyoongozwa na Tom Savini, alimfanya Barbara ashike bunduki, akatoke akiwa hai, na ni yeye anayempiga risasi Cooper. Mtunzi akirekebisha kazi yake kwa kiasi hicho, amekupa uhakiki bure.

SWALI: Kwetu tumebishana kuhusu Sleepaway Camp ya 1983. Wengine wanasema inawatukana watu waliobadili jinsia, wengine wanasema inawatetea. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwanza hadithi, kwa wasioijua, na mwisho wake tunautaja. Angela, msichana mkimya, anapelekwa kambi ya watoto ya kiangazi. Anaonewa, na wanaomwonea wanauawa mmoja mmoja. Tukio la mwisho linafichua kwamba Angela ndiye muuaji, na kwamba alizaliwa mvulana aitwaye Peter. Shangazi yake alimlea kwa nguvu kama msichana baada ya dada yake Peter kufa ajalini. Mwongozaji ni Robert Hiltzik.

Hapa tazama kwa karibu sekunde za mwisho. Wasimamizi wawili wanamkuta Angela ufukoni usiku, amepakata kichwa cha Paul, kijana aliyempenda. Anasimama, kichwa kinadondoka mchangani. Sasa sikiliza msimamizi anachopiga kelele: kwamba huyu ni mvulana. Kichwa cha mtu kiko miguuni mwake na kinachomshtua ni mwili. Kamera inakubaliana naye: inarudi nyuma kuonyesha mwili mzima ulio uchi, kisha inagandisha uso uliokenua meno, na sauti ni kama ya mnyama. Ufundi wote wa filamu, picha, sauti na maneno, umeelekezwa kuufanya mwili uwe kitisho kikubwa kuliko mauaji. Huo ndio msingi wa wanaosema inatukana, na ni mzito.

Wanaotetea nao wana ushahidi, ila uko mahali tofauti. Wa kwanza kudhuriwa ni mpishi anayewatamani watoto na aliyejaribu kumdhuru Angela. Wengi wanaofuata ni waonevu. Filamu imetumia zaidi ya saa nzima kutuweka upande wa mtoto huyu, na watazamaji wengi waliowahi kuonewa shuleni wamemchukua Angela kuwa wao. Upendo huo wa mashabiki ni wa fungu la tatu, wa mapokezi. Ni halali kuuandika, lakini hauwezi kufuta lile la ufukoni.

Kosa linalofanywa na pande zote mbili ni kumwita Angela mtu aliyebadili jinsia, bila maelezo. Ndani ya filamu hii hakuchagua chochote. Shangazi aliamua, na Angela hapewi hata sentensi moja ya kujieleza yeye ni nani. Andika kwamba filamu inatumia hofu ya jamii kuhusu jinsia, huku mhusika wake ni mtoto aliyelazimishwa. Kuna pia kumbukumbu fupi ya baba yake Angela akiwa kitandani na mwanamume mwenzake, iliyowekwa kando ya kisa cha shangazi kana kwamba mambo hayo mawili ni chanzo kimoja. Filamu haielezi uhusiano wake; inaviweka karibu na kumwachia mtazamaji adhani. Kwa maoni yetu hapo ndipo filamu ilipo dhaifu zaidi, kuliko hata mwisho wake maarufu.

Na ushahidi wa filamu za mwendelezo uacheni nje. Ya pili na ya tatu ziliongozwa na mtu mwingine, na Angela wa kule ni mhusika wa mzaha.

SWALI: Je, The Texas Chain Saw Massacre ni filamu ya kitabaka? Nimesikia inahusu mgogoro wa mafuta.

JIBU: Ya kitabaka, ndiyo. Kwa asiyeijua: vijana wanaosafiri kwa gari huko Texas wanaangukia mikononi mwa familia ya wauaji waliowahi kufanya kazi machinjioni. Sikiliza mazungumzo ndani ya gari mwanzoni: kijana waliyempa lifti anasema nyundo ya zamani ilikuwa bora kuliko bunduki ya hewa ya machinjioni, na kwamba mashine imewaondoa watu kazini. Baadaye nyundo inatiwa mkononi mwa babu wa familia hiyo ya wauaji. Kinachosemwa mapema kikirudi kama kitendo, hapo una muundo, na muundo ni ushahidi. Wakati huo huo filamu inawafanya maskini wa shambani kuwa mazimwi kwa vijana wa mjini. Liandike na hilo. Mtazame pia Franklin, aliye kwenye kiti cha magurudumu: wenzake wanapanda ghorofani wakicheka na kamera inabaki chini naye. Ni mara chache filamu ya aina hii kukaa hivyo na mhusika ambaye imetufanya tumchoke.

Kuhusu mafuta, kuwa mwangalifu. Kituo cha petroli kweli hakina petroli. Lakini mwongozaji Tobe Hooper aliipiga filamu kiangazi cha 1973, na vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vilianza Oktoba mwaka huo, kamera zikiwa zimeshafungwa. Filamu ilitoka Oktoba 1974, ndipo watazamaji wakaunganisha. Uhaba wa petroli ulikuwa umeanza kuonekana Marekani kabla ya vikwazo, kwa hiyo taja uhaba, usitaje vikwazo.

SWALI: Night of the Living Dead iko kila mahali bure mtandaoni. Nitumie nakala yoyote?

JIBU: Usitumie yoyote. Iko bure kwa sababu msambazaji alipobadilisha jina la awali, Night of the Flesh Eaters, alama ya hakimiliki iliyokuwa pamoja na jina hilo iliondoka nayo, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu iliyotoka bila alama ikawa mali ya umma. Matokeo yake kila mtu amenakili nakala ya nakala. Nyingi ni nyeusi kiasi kwamba nusu ya uso wa Jones haionekani, na mwanafunzi huandika aya nzima kuhusu "giza linalommeza Ben" ambalo ni uchafu wa kunakili tu.

Tafuta toleo lililokarabatiwa mwaka 2016 kutoka negativu ya awali. Lipime hivi: kwenye tukio la makaburini mwanzoni unapaswa kuona majani ya miti na sura za mawe, siyo weupe mtupu. Toleo lililotiwa rangi usilitolee hoja ya mwangaza. Lile la mwaka 1999, la kuadhimisha miaka 30, lina matukio mapya yaliyopigwa miongo mitatu baadaye na muziki mwingine, kwa hiyo ukikuta kasisi anayehubiri mwishoni, funga, umeshika toleo lisilo sahihi.